Wauza vifaa vya uwindaji, mtatuulia familia!

Wakuu, heshima kwenu.

Nimerudi jana kutoka porini Sikonge, Tabora, na hasira haijashuka. Kuna duka moja la vifaa vya uwindaji hapa Dar, jina naliweka kapuni. Kabla ya msimu nilimweleza muuzaji kila kitu: tunakwenda kuwinda mbogo, mdogo wangu ana kibali chake, bunduki ni .375 (ya risasi nene, za wanyama wakubwa), mke na watoto watakuwa kambini. Akaitikia "sawa mzee, sawa mzee", kisha akatupatia makorokoro!

Darubini aliyoifunga kwenye bunduki ni ya kulengea shabaha za mbali, inakuza hadi mara 24, na lazima usogeze jicho karibu kabisa. Sasa .375 ina teke, jamani. Darubini yake inatakiwa ikae sentimita 9 au 10 kutoka kwenye jicho. Risasi ya kwanza tu ya kujaribia kambini, chuma kikarudi kikamchana dogo juu ya nyusi, damu ikamjaa jichoni. Shemeji yake ndiye aliyembana kidonda kwa khanga mpaka damu ikakata. Na hata isingemchana, kwenye miombo mbogo unakutana naye hatua 40. Ukimtazama kwa mara 24 unaona manyoya matupu, hujui ni bega au tumbo. Pale inatosha ya mara 1 hadi 4.

Risasi nazo alitupatia za ncha laini tupu. Tulipoulizia solidi, yaani risasi ngumu isiyofunguka, akasema "zote zinaua". Ncha laini inafunguka ikigonga, kwa risasi ya kwanza ni sawa. Lakini dume la kilo 700 lililojeruhiwa likikugeukia, unataka risasi inayopasua mfupa na kuendelea ndani. Askari wa wanyamapori tuliyepangiwa alipoona risasi zile na jicho la dogo, alisema, "Mzee, kwa vifaa hivi siwapeleki kwa mbogo." Alifanya haki kabisa, namshukuru. Ila kibali nimeshalipia.

Na nguo! Familia nzima kaiuzia bluu iliyoiva, eti haionyeshi uchafu. Mitego ya mbung'o inayoning'inizwa porini ni vitambaa vya bluu na vyeusi, kwa sababu rangi hizo ndizo zinazowavuta! Binti yangu mgongo mzima umevimba, kila jioni tunampima joto kwa hofu ya malale. Khaki au kijani kilichofifia ilikuwepo rafu ya pili, nimeiona kwa macho yangu, ila ilikuwa bei rahisi.

Nimempigia leo, ananijibu kila mwindaji aje na ujuzi wake. Kaka, nilikuja kwako na mke wangu, nikakutajia mnyama na bunduki, ulitaka nikuambie nini tena?

Darubini namrudishia wiki hii na hela yangu naitaka yote. Kama kuna mtu hapa kauziwa vitu kama hivi, aweke picha. Na anayemjua fundi wa uhakika wa kufunga darubini kwenye .375 hapa Dar, anielekeze.