Naomba ushauri: gari la kwanza la binti wa miaka 19

Habari zenu ndugu zangu. Binti yangu amepata leseni hivi karibuni na ataanza chuo Dar akitokea kwetu Kibaha, kwa hiyo atapita Barabara ya Morogoro kila siku, katikati ya malori na mabasi. Bajeti yangu ni milioni 12, na humo humo nitoe bima.

Nimebakiwa na machaguo mawili, yote yameshatumika hapa nchini: Toyota IST ya cc 1300 na Passo ya cc 1000. Fundi wangu amezikagua zote na kusema injini ni nzima. Moyo uko kwenye IST, ila kuna jambo linanikosesha amani. Ukiwasha swichi, taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka kukukinga kwenye ajali) kwenye dashibodi haiwaki kabisa, wakati inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Muuzaji anasema ni balbu imeungua. Mimi nahofia eabegi zilishafyatuka kwenye ajali, wakaziba na kuikata taa. Tairi nazo zimeandikwa 2316, yaani zilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Hizo nitabadilisha, si tatizo.

Naombeni mnisaidie mawili. Je, mashine ya kupimia gari inaweza kuonyesha kama eabegi zipo na zinafanya kazi, au ni lazima usukani ufunguliwe? Na kwa wenye Passo, inatulia barabara kuu lori likikupita kwa kasi? Natanguliza shukrani.