Mrejesho: maandishi kupita ukingo dirisha la kivinjari likipunguzwa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kwenye tovuti yetu dirisha likipunguzwa msomaji analazimika kuburuza ukurasa pembeni ili amalize kila mstari. Aliyesema kwenye CSS (maagizo ya mwonekano wa ukurasa) nitoe width: 960px (upana usiobadilika) niweke max-width: 65ch (upana usiozidi takriban herufi 65), ubarikiwe, hiyo ndiyo iliyomaliza kazi, aya sasa zinajikunja zenyewe. Kwenye simu haikutosha mpaka nilipoongeza ile meta ya viewport yenye width=device-width (mstari wa HTML unaoiambia simu ifuate upana wa skrini yake). Viungo virefu (anwani za wavuti) vimetulia kwa overflow-wrap: anywhere, inayoruhusu neno refu likatwe popote.

Jedwali la bei bado sugu. Nimelifungia ndani ya div (kisanduku cha HTML) yenye overflow-x: auto, angalau linaburuzwa lenyewe bila kuvuta ukurasa mzima. Ushauri wa kupunguza ukubwa wa herufi nimeuacha, wateja wetu wengi ni wazee. Asanteni sana.