Tupeane uzoefu: bunduki za risasi za plastiki, wana Tabora na Kigoma mnachezaje?

Mleta mada (Isevya, Tabora)

Mwangaluka wadau.

Ikikaribia Idi au Krismasi, Soko Kuu na vichochoro vyake vinajaa bastola na bunduki za plastiki zinazofyatua zile punje za njano. Wengi tunazichukulia kama midoli ya watoto, sikukuu ikipita zimeshavunjika. Lakini hapa Tabora wapo vijana, na sisi watu wazima kadhaa, tunaozichezea kwa mpango: timu mbili, eneo lenye mipaka, refa, ukipigwa unatoka. Nje huko wanauita airsofti. Ulianzia Japani miaka ya 1970, nchi ambayo raia hapati bunduki ya kweli kirahisi, na punje zake zina kipenyo cha milimita 6, sawa kabisa na hizi za Idi.

Naupenda mchezo huu, na naumia ninapoona unachezwa macho wazi. Mwenye uzoefu wa vifaa, wa uwanja au wa ajali aulete hapa, tusaidiane. Naanza na miwani kwa sababu bila hiyo sioni haja ya kuzungumza mengine.

Miwani ya jua haifai. Kioo chake kinaweza kupasukia usoni, na pembeni kuko wazi. Tafuta ile ya plastiki angavu inayofunika hadi pembeni, kama wanayovaa mafundi wa grenda, ipo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Igeuze usome kwenye fremu na kwenye kioo. Ikiandikwa EN 166, kiwango cha Ulaya cha miwani ya kinga, na kando yake kuna herufi B, hiyo imepimwa kwa gololi ya chuma ya milimita 6 inayokuja kwa mita 120 kwa sekunde. Herufi F ni mita 45 tu. Sasa kwa kuwa maandishi siku hizi mtu yeyote anachapa, mimi nanunua mbili za aina moja. Moja naifunga kwenye gunia la mchanga, nasimama hatua mbili, naipiga kwa bunduki yenye nguvu kuliko zote zitakazokuwepo siku hiyo. Napiga katikati, kisha kwenye kona karibu na fremu, maana hapo ndipo kioo huchomoka. Ikipata ufa au ikiachia, zote mbili hazivaliwi. Ikibaki na alama ndogo tu, hiyo iliyopigwa naitupa na navaa mwenzake.

Ukungu nao ni tatizo, jasho la Oktoba mnalijua. Weka tone la sabuni ya maji kwa ndani, sambaza kwa kidole, futa kwa kitambaa kikavu bila kusuuza. Ukikuzidi, toka nje ya mpaka ndipo uvue. Anayenyanyua miwani ndani ya uwanja ili apanguse, kwetu hachezi tena siku hiyo, awe nani.

Mdau wa Gungu, Kigoma

Mkuu umesema kweli tupu. Naomba niongezee ya barabarani, kwa sababu huku kwetu hatari inaanza kabla hujafika uwanjani.

Kigoma tumepitia miaka ambayo mabasi yalikuwa yanasindikizwa na polisi wenye silaha kwa sababu ya majambazi. Mtu mzima wa huku akiona mtutu unachungulia kwenye begi hasubiri kuuliza kama ni wa plastiki. Kuna kijana mtaani kwetu alitembea na bunduki yake nyeusi begani saa moja jioni, akitoka kucheza na wenzake kule kwenye michikichi. Mama mmoja akapiga yowe. Dakika chache watu wameshika mawe. Kilichomwokoa ni mzee wa msikitini aliyemfahamu kwao, akamkumbatia na kuwapigia watu kelele kwamba huyu ni mjukuu wa fulani. Angekuwa mgeni wa mtaa, sijui leo tungekuwa tunasimulia nini.

Tangu hapo utaratibu wetu: bunduki inakaa kwenye begi lenye zipu, magazini (kile kikasha cha punje) imetolewa, ncha ya mtutu imezungushiwa selotepu ya rangi ya chungwa. Mwenyekiti wa mtaa anaambiwa siku na saa. Kituo cha polisi tulikwenda kujitambulisha, wakaja wakaziona wenyewe.

Na nguo za mabaka ya jeshi achaneni nazo kabisa. Nje wanazivaa, hapa ni kosa. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba raia wasalimishe sare na nguo zinazofanana nazo. Fulana ya kijani kibichi au ya kahawia inatosha, msituni haionekani.

Mleta mada

Ahsante sana ndugu yangu. Kwa wanaoulizia kuagiza zile za chaji au za gesi kutoka nje: kabla hujatuma hela, nenda polisi uulize. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na jibu la afisa ana kwa ana lina uzito kuliko maneno ya muuzaji wa mtandaoni.

Mdau wa Cheyo, Tabora

Niliishi Japani kimasomo, nikacheza huko. Wenzetu jambo la kwanza wanapima nguvu ya bunduki getini. Punje ya gramu 0.20 ikitoka kwa mita 100 kwa sekunde ina jouli 1 kamili, jouli ndiyo kipimo cha nguvu hiyo. Japani tangu 2006 sheria inazuia kuvuka jouli 0.98. Za kwetu za Idi ziko chini zaidi, lakini msidanganyike, jicho halihitaji jouli nyingi.

Uzito wa punje wengi hawaujali. Zile za njano za sokoni mara nyingi ni gramu 0.12, upepo ukivuma kidogo zinakwenda kwa jirani. Ukipata za 0.20 utaona zinanyooka. Ila kwa bunduki dhaifu ya kukoki kwa mkono zitaanguka karibu, kwa hiyo jaribu kwanza. Zile nzuri zina hopapu, kipande cha mpira ndani ya mtutu kinachoizungusha punje kwa nyuma ili ielee mbali. Ukiona punje zinapanda juu, umeikaza mno.

Halafu kuna hili, na kwangu ndilo kubwa. Punje haiachi rangi kama ule mchezo mwingine wa risasi za rangi. Hakuna ushahidi. Aliyepigwa anajua mwenyewe, ananyanyua mkono, anasema. Japani niliona watu wazima wanajitaja hata kwa punje iliyogusa kamba ya kiatu. Hapa Cheyo vijana wetu wanasema "Nimekufa!" kwa sauti na mkono juu, na nawasifu, wameshika vizuri. Mbishi mmoja tu anaharibu siku nzima, watu wanaanza kusogea karibu na kupiga kwa hasira. Ukimkuta mwenzio hatua tatu mbele yako, usifyatue. Sema "umekwisha", naye akubali.

Mama wa watoto wawili, Ng'ambo, Tabora

Wanangu nisikilizeni na mimi ambaye sichezi. Mtoto wa jirani yangu alipigwa jichoni siku ya Idi, na aliyempiga ni mdogo wake, wakiwa sebuleni. Kwa nje jicho halikuwa na kidonda. Bibi yake akataka kumkamulia maziwa ya mama mzazi mwingine mwenye kichanga, kama tunavyofanya. Mimi ni muuguzi, nikakataa. Nilipomkalisha karibu na dirisha nikaona mstari mwekundu chini ya mboni, umelala kama maji kwenye glasi. Ile ni damu iliyoingia ndani ya jicho.

Shikeni haya. Msifikiche, msikandamize, msitie kitu chochote, iwe maziwa, iwe dawa ya miti, iwe tone lililobaki kabatini. Funika kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, mfano kitako cha kikombe cha karatasi, kibandikwe kwa plasta kwenye mfupa wa paji na wa shavu. Kichwa kiinuliwe. Asipewe aspirini, inazidisha kuvuja damu. Nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama mtoto anasema anaona vizuri, maana presha ya jicho inaweza kupanda baadaye, kimya kimya. Yule mtoto anaona, Mungu mkubwa, lakini alilala kitandani siku nyingi.

Nyie watu wazima mnaonunua hizi bunduki, nunueni na miwani siku hiyo hiyo. Kama hela haitoshi vyote viwili, bunduki ibaki dukani.

Mleta mada

Ahsante mama. Nimelinakili hili la kikombe, nitalibandika kwenye sanduku letu la vifaa.

Mdau wa Tumbi, Tabora

Sisi tunacheza kwenye miombo, na cha huku ni nyuki. Kabla ya kuweka mipaka tembeeni wote mkiangalia juu. Mizinga ya magome imetundikwa kwenye matawi ya mbali, kwa haraka unaona gogo tu. Mwenzetu alijibanza chini ya mti, punje za upande wa pili zikawa zinagonga mzinga juu yake. Hakuna aliyejua mpaka mlio ulipobadilika. Tulikimbia kila mtu na njia yake, na waliokuwa na miwani inayofunika angalau macho yalisalimika. Mwenye mzinga tulimfuata tukamwomba radhi, akatuonyesha upande usio na mizinga na sasa tunacheza huko kwa ruhusa yake. Kiangazi majani makavu yamejaa chini, vaeni buti, nyoka aina ya moma analala humo humo na hasogei ukimkaribia.

Mdau wa Kibirizi, Kigoma

Kuhusu bunduki kukwama, maana naona wengi wanazitupa zikiwa nzima. Punje za kuokota mchangani msizirudishe kwenye magazini. Chembe moja ya mchanga inakwangua mtutu kwa ndani, na punje iliyopasuka kidogo inaganda katikati. Ikikwama usichungulie mtutuni na usiendelee kukoki. Toa magazini, elekeza chini, sukuma taratibu kwa kijiti chembamba kilichofungwa kitambaa laini kutokea mbele. Ukimaliza kucheza fyatua mara moja ikiwa tupu, ukielekeza chini, ili springi ilale imelegea. Yangu naitunza hivyo na bado inapiga kama siku niliyoinunua.