Mjadala: Ni sawa kumwambukiza mtu mzima homa ya ini C makusudi ili kujaribu chanjo?

Kipanga wa Upanga: Wakuu salaam. Kirusi cha C kilitambuliwa 1989, Alter, Houghton na Rice wakapewa Nobel 2020, na chanjo mpaka leo hakuna. Ile iliyojaribiwa Marekani kwa watu wanaojidunga dawa za kulevya ilichukua miaka kukamilika, majibu yakatoka 2021: waliopata maambukizi sugu ni 14 upande wa waliochanjwa, 14 upande wa waliodungwa sindano isiyo na chanjo. Sokwe nao Wamarekani wameacha kuwatumia kwenye majaribio. Sasa kuna watafiti wanasema: dawa zipo, wiki 8 hadi 12, wanaopona wanazidi asilimia 95. Basi wachukuliwe watu wazima wenye afya, waliokubali wenyewe, wachanjwe, waambukizwe, kisha watibiwe. Mimi naunga mkono. Nyie je?

Mama Sele: Chanjo haipo wapi? Wanangu wote wamechomwa ya ini kliniki. Acha kutisha watu.

Kipanga wa Upanga: Hiyo ni ya B, dada. B na C ni virusi viwili tofauti kabisa.

Mama Sele: Dada yako nani? Nina wajukuu mie.

Mkwezi: Watakaoambukizwa tunawajua. Si mliona Bagamoyo ile ya malaria? Watu walikubali kuumwa na mbu kwa ajili ya nauli. Mwanachuo ana njaa, bumu limechelewa, atakataa nini?

Msomi Mkopo: Bumu limeingiaje hapa? Nimesoma kwa bumu, nimebebana kitanda kimoja na mwenzangu miaka yote, na sikuwahi kuuza mwili. Halafu hakuna aliyeumwa na mbu. Bagamoyo walidungwa vimelea kwa sindano, wakafuatiliwa, wakatibiwa. Uliza kwanza.

Mkwezi: Mbu, sindano, yote mamoja. Pesa walipewa hawakupewa?

Kaka wa Kilifi: Sisi huku yalitupata hayo hayo. Watu wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, waliwaweka waliojitolea Chuo Kikuu cha Pwani, wakakaa huko, na magazeti yakapiga kelele eti watu wanalipwa wapate malaria. Sasa mtu akikosa vibarua vyake muda wote huo, nyumbani wale nini? Ukimlipa umemnunua, usipomlipa umemnyonya. Nielezeni mwataka afanyweje.

Msomi Mkopo: Mkwezi nasubiri uniombe radhi.

Mkwezi: Kwani nilikutaja jina?

Mswahili wa Cairo: Nyie mnagombania hiari. Huku Misri hakuna aliyeulizwa. Tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980 serikali ilitibu kichocho kwa sindano, moja inapita mtu kwa mtu, vijiji vikajaa C. Walipokuja kuzinduka, 2018, wakapima nchi nzima, watu zaidi ya milioni 49 kwa miezi michache, na matibabu bure. Waliweza kwa sababu walibana bei. Sofosbuviri, dawa ya C, ilipotoka Marekani kozi ilikuwa dola 84,000, Misri wakaipata kwa kama dola 900. Chanjo ya nini kama dawa inashuka hivyo?

Kipanga wa Upanga: Kwa sababu ukipona kwa dawa unaweza kuambukizwa tena kesho, kaka! Ndiyo maana ya swali langu. Kwa wastani watu 30 kati ya 100 miili yao inakifukuza kirusi yenyewe ndani ya miezi sita. Hata hao wanaweza kukipata tena, ila wengi wao mara ya pili wanakifukuza upesi zaidi. Kuna kitu kinga yao inajifunza. Utakionaje kitu hicho kama humfuatilii mtu tangu siku ya kwanza? Mgonjwa wa kawaida huja hospitali miaka ishirini baadaye, ini limeshakauka.

Mkwezi: Umejisema mwenyewe, miezi sita! Malaria siku tatu umemaliza dawa. Huyu atakaa na kirusi mwilini, ana mke nyumbani, nyie mnaangalia tu kama kinga "inajifunza".

Kaka wa Kilifi: Wapo watafiti wanaotaka waliojitolea watibiwe mapema, wasingoje hiyo miezi sita.

Msomi Mkopo: Mkwezi, wewe hata damu umewahi kuchangia? Au kazi yako kuhesabu njaa za wenzako?

Mkwezi: Nimechangia zaidi yako. Twende wote kesho tukapimwe mimi na wewe, tuone nani anaogopa sindano.

Mama Sele: Mkiacha kutukanana nisaidieni. Mdogo wangu alikwenda kuchangia damu, akarudishwa, eti ana kingamwili za C. Kinga si ndiyo nzuri? Amepona au anaumwa?

Kipanga wa Upanga: Haijulikani bado, mama. Kingamwili ni alama kwamba mwili ulishakutana na kirusi; hubaki hata kwa aliyepona, na hazimkingi. Apimwe kipimo cha pili, kinachotafuta kirusi chenyewe kwenye damu.

Mama Sele: Haya. Na hicho wanapima wapi, shilingi ngapi?

Msomi Mkopo: Mkwezi, kesho saa ngapi?