Maonyesho ya kaburi la Tutankhamun: Wamisri waliolichimba wako wapi?

Wakuu, nimetoka kwenye maonyesho ya Tutankhamun, yule mfalme wa Misri ya kale, huku Ulaya ninakoishi, na hasira niliyonayo si ndogo. Kwamba vitu vyenyewe ni nakala sina ugomvi, walitangaza mapema, na kinyago halisi cha dhahabu kinabaki Misri, ndiko kwao.

Ugomvi wangu ni maandishi ya ukutani. Kila chumba ni Howard Carter, yule mwanaakiolojia Mwingereza: Carter kagundua, Carter kafungua, Carter katoa. Lord Carnarvon aliyelipia uchimbaji kapewa ukuta mzima. Wamisri? "Vibarua wenyeji." Basi!

Mama zao waliwazaa bila majina? Wasimamizi wa wachimbaji walikuwa Ahmed Gerigar, Gad Hassan, Hussein Abu Awad na Hussein Ahmed Said. Carter mwenyewe aliwashukuru kwa majina kitabuni mwake. Kama yeye aliweza zama zile za ukoloni, hawa wa leo wanashindwa nini?

Halafu kuna picha ya makasha yakipelekwa mto Nile, Mei 1923, chini yake wameandika tu "usafirishaji". Usafirishaji gani? Reli yenyewe ilikuwa vipande vichache. Wanaume wale walisukuma vigari, wakang'oa reli ya nyuma, wakaitandika mbele, wakasukuma tena, hivyo hivyo karibu kilomita 9 kwenye jua la Luxor linalochoma miguu. Saa 15! Hakuna kikombe kilichofika Cairo bila mabega yao, halafu mtu analipa kiingilio na kutoka akidhani Mwingereza mmoja alibeba kaburi zima.

Na mwili wa mfalme je? Wameandika "ulichunguzwa" mwaka 1925. Ulikatwakatwa, jamani. Ulikuwa umegandia kwenye jeneza kwa utomvu, wakatenganisha mikono, miguu na kichwa, na kichwa wakakibandua kwenye kinyago kwa visu vya moto. Hilo wamelimeza. Daktari Douglas Derry katajwa, lakini Dk. Saleh Bey Hamdi, Mmisri aliyefanya naye uchunguzi huo huo, hayupo popote.

Nilipomuuliza mhudumu, akanionyesha daftari la maoni. Sikuandika humo. Nimewatumia waandaaji barua pepe yenye majina yote matano, nataka yawekwe ukutani. Aliyeyaona maonyesho haya mji mwingine atuambie hapa kama maandishi ni hayo hayo, niongezee kwenye barua ya pili.