Ushauri: ujumbe wa breki ya ghafla unapotea Kibuye ikijaa magari

Kijana_wa_Ndeeba
Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa mwisho hapa Kampala. Mradi wangu ni magari yanayopashana habari yenyewe kwa redio, gigahezi 5.9. Nimechukua ramani ya makutano ya Kibuye kutoka OpenStreetMap (ramani huria ya mtandaoni), nikaiingiza kwenye SUMO, programu ya kuiga mwendo wa magari kwenye kompyuta; mawasiliano ya redio nayaiga kwa Veins. Magari yakiwa machache, shwari. Nikijaza teksi na boda kama jioni yenyewe, ujumbe wa breki haufiki, au unafika gari la nyuma limeshagonga. Kila gari linatangaza mahali lilipo mara 10 kwa sekunde, na jumbe zote nimezipa kipaumbele cha juu maana zote ni za usalama. Nikaongeza nguvu ya kurusha, ikawa mbaya zaidi. Kaka yangu anaendesha boda njia ya Entebbe, kwa hiyo sitafuti maksi tu. Nisaidieni.

Fundi_Jinja
Marahaba. Piga hesabu kwanza, mdogo wangu. Ujumbe wa baiti 300 mara 10 kwa sekunde ni kilobiti 24 kwa gari moja. Chaneli ikiwa ya megabiti 6, magari 250 yanaimaliza yote, hata kabla ya jumbe kugongana hewani. Ukiongeza nguvu unayaingiza na magari ya mtaa jirani wa Katwe kwenye chaneli hiyohiyo. Rudisha chini.

Mama_Redio
Mwanangu, kosa kubwa ni hapo kwenye kipaumbele. Kwenye 802.11p, kiwango cha redio hizi za magari, jumbe husubiri kurushwa katika foleni 4 kulingana na kipaumbele. Kwenye ile ya juu kila redio huokota namba ya kusubiri kati ya 0 na 3, basi. Magari mia yakiokota humo, mengi yatapata namba moja na kurusha kwa pamoja. Tena utangazaji hauna wa kujibu "nimepata", hivyo redio haijui kama ujumbe wake umegongana na mwingine na haiongezi muda wa kusubiri. Foleni ya juu iachie breki peke yake. Habari za mahali zishushe.

Halafu teksi iliyokwama kwenye jamu inatangaza nini mara 10? Fuata kanuni ya ETSI, shirika la Ulaya la viwango vya mawasiliano: gari litume likisogea zaidi ya mita 4, au mwendo ukibadilika zaidi ya mita 0.5 kwa sekunde, au mwelekeo ukipinda zaidi ya digrii 4. Vinginevyo mara 1 kwa sekunde inatosha.

Kijana_wa_Ndeeba
Asante sana mama. Nimekesha nayo. Teksi zimetulia, breki inapita! Ila boda bado zinasema mno, zinapenya katikati ya magari na kupinda kila mara.

Mama_Redio
Usizinyamazishe kwa kanuni ya kudumu, ndizo zinazogongwa. Kila redio ipime chaneli imeshikwa kwa sehemu gani ya muda. Ikipita kiwango ulichoweka, magari yote jirani yapunguze kidogo idadi ya jumbe, boda na teksi sawa. Na usihesabu tu asilimia ya jumbe zilizofika. Pima pia pengo kati ya ujumbe mmoja na unaofuata kutoka boda ileile, maana pengo la sekunde 2 linaweza kujificha ndani ya asilimia nzuri.