Johnson ya zamani ya hospawa 15: nikague nini kabla ya kutoa fedha?

MshipiTanga:
Habari zenu, mabwana. Nina boti ya faiba ya mita 5 ninayoitumia kuvua kwa mshipi, na hadi sasa nimekuwa nikitegemea tanga na makasia. Mzee mmoja wa upande wa Pangani ananiuzia mashine ya Johnson ya hospawa 15, ya kuwasha kwa kamba, ambayo anasema ni ya mwaka 1987, kwa shilingi laki 9. Imepakwa rangi upya na ilishika kwa mvuto wa kwanza nilipofika. Sijawahi kumiliki mashine ya kuchanganya petroli na oili, kwa hiyo naomba wenye uzoefu mnieleze niikague vipi nitakaporudi kwake Jumamosi.

FundiGatini:
Ndugu yangu, huo mvuto wa kwanza usikulevye, kwa sababu mashine iliyopashwa moto kabla mteja hajafika hushika hata mkononi mwa mtoto. Siku ya kurudi mwombe mzee asiiguse kabisa, kisha ukifika weka kiganja juu ya kichwa cha silinda. Kikiwa na joto, kaa barazani mzungumze mpaka kipoe.

Anza na giaboksi, lile boksi la gia lililo chini karibu na propela, tena kabla ya kuwasha. Legeza skrubu ya chini kidogo tu na upokee matone kwenye kiganja. Mashine ikiwa imesimama siku kadhaa, maji yaliyoingia hutuama chini ya oili kwa sababu ni mazito zaidi, ndiyo maana hutoka mwanzo; ukiiwasha kwanza yatachanganyika na utaona oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Hali zote mbili zina maana kwamba sili, zile pete za mpira za kuzuia maji, zimechoka. Sili zenyewe si ghali, ila gia na beringi zilizokaa na maji ya chumvi kwa muda mrefu ni gharama nyingine kabisa, na vumbi la chuma kwenye oili ndilo litakalokwambia.

Kisha toa plagi zote 2 na uzilaze pamoja. Zinatakiwa kufanana rangi. Moja ikiwa ya kahawia na ya pili ikiwa safi kana kwamba imeoshwa, silinda hiyo ya pili huenda inapata maji, mara nyingi kupitia gasketi ya kichwa. Hapo hapo funga kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, zungusha mpini wa mafuta mpaka mwisho, uvute kamba mpaka mshale usimame. Mimi siangalii sana namba yenyewe, kwa kuwa vipimo vyetu vya mtaani havikubaliani. Naangalia tofauti kati ya silinda na silinda, ambayo isizidi asilimia 10 hivi. Ukipata 100 na 95, endelea. Ukipata 100 na 70, mshukuru mzee kwa chai uondoke.

Kuhusu rangi mpya, binafsi huwa inanitia shaka kuliko kutu. Kutu unaiona.

NahodhaWete:
Nakubaliana na fundi, lakini kuiwasha ndani ya pipa la maji hakutakuonyesha kila kitu. Propela za mashine hizi zina mpira katikati, kati ya kitovu na shafti, na mpira huo ukizeeka huteleza pale tu unapobeba mzigo: mashine inalia kwa nguvu ilhali boti haisogei. Gia nazo zikilika pembeni hushika vizuri kwenye pipa, halafu zinaruka ukiongeza mafuta baharini. Kwa hiyo ifunge kwenye tezi ya boti yako, pakia watu 2 au 3, uende nayo nusu saa kwa mwendo wa kazi. Ukirudi, dondoshea tone la maji kwenye kichwa cha silinda. Likichemka, njia za kupozea zimeziba chumvi au impela, ile feni ya mpira ya pampu ya maji, imekwisha. Na usisahau makasia.

BandariZamani:
Swali ambalo hakuna aliyeligusa ni la vipuri. Kampuni iliyokuwa ikitengeneza Johnson na Evinrude, OMC, ilifilisika Desemba 2000. Bombardier wakazinunua chapa hizo, na mwaka 2020 utengenezaji wa Evinrude nao ukasimamishwa. Impela, plagi na sili bado zinapatikana kwa kuagiza, ila usitegemee kuzikuta duka la jirani kama vipuri vya Yamaha.

Mwaka nao usichukue kwa mdomo. Kwa mashine zao za kuanzia 1980, herufi 2 za mwaka kwenye namba ya modeli husomwa kwa neno INTRODUCES, ambapo I ni 1, N ni 2, mpaka E ambayo ni 9 na S ambayo ni 0. Ukiona CU, ni 87. Linganisha kibati cha kwenye kibano cha kufungia mashine kwenye boti na namba iliyogongwa kwenye kizibo cha chuma, mfano wa sarafu, kilichopo kwenye bloku.

MshipiTanga:
Nimerudi kutoka Pangani. Oili ya gia ilitoka safi, na kompresheni ilisoma 105 na 100. Kibati kinasema J15RCU, lakini nilipokwangua rangi kwenye kizibo nilikuta J10RCN. Je, nauziwa mbuzi kwenye gunia?

BandariZamani:
Bloku hiyo ni ya hospawa 9.9 ya mwaka 1982 iliyowekwa kwenye miguu ya 15. Si ubovu, kwa kuwa miaka ile mashine hizo mbili zilikuwa na silinda za ukubwa ule ule na tofauti kubwa ilikuwa kwenye kabureta. Angalia ni kabureta ipi iliyofungwa, maana ndiyo itakayokwambia unanunua hospawa ngapi, na vipuri vya bloku uviagize kwa namba ya kizibo.

FundiGatini:
Na bei uijadili kwa namba hiyo hiyo ya kizibo. Kwa kompresheni hiyo mimi ningempa laki 6, baada ya safari ya baharini aliyoisema nahodha.